Ndoto Zisizo na Maji

Huku kwetu Mikelenge, mjini Kindu, upande unaoshuka mtoni, mtu akiamka haanzi na salamu. Anaanza na ndoto. Ndoto nzuri unampa mtu, yeyote utakayemkuta uani, hata yule mliyegombana jana kwa ajili ya kuku. Ndoto mbaya humpi mtu. Unashuka nayo umefunga mdomo, hujasukutua, mpaka mto Lualaba. Unainama, unayaambia maji polepole, unanawa uso, unapanda bila kugeuka nyuma. Maji yanaichukua. Yanaipeleka wapi? Kisangani, kwani mto unaenda wapi kwingine? Ndiyo maana niliposikia kwamba huko Kisangani kuna iniversite inayofundisha habari za watu wasiolala, sikushangaa hata kidogo. Tumewatumia mizigo miaka yote hiyo, lazima wangetafuta dawa.

Jina langu Mama Hélène. Nilisoma mpaka la tano. La sita nililiona kupitia dirisha, halikunivutia.

Katika uwanja wetu, ndoto zangu ndizo, ama njo kama tunavyosema huku, zilikuwa tamu kuliko zote. Mbombo, jirani yangu tangu zamani, mwanamke wa Kasai aliyeletwa hapa na mume wa reli, alikuwa anaacha moto wake unazimika ili aje kunisikiliza, kikwembe cha kulalia bado kiunoni.

"Mama Hélène, leo umetuletea nini?"

"Mbuzi," nikamwambia. "Wamemuweka kuwa burugumesta, mkubwa wa mtaa wote. Anapita mtaa wa Kasuku mu gari ya bendera, anasimamisha mapikipiki yote, anaomba karatasi."

"Na wanamupa?"

"Wanamupa. Anakula."

"Na wewe ulimupa nini?"

"Karatasi ya ndoa. Njo niko huru sasa, nitafutie bwana."

Mbombo alicheka mpaka akashika ukuta. Na mjukuu wangu Elodie, aliyekuwa anakoka moto wa chai, akacheka pia, lakini macho yake yalikaa kwangu kidogo zaidi ya kicheko. Hilo nalikumbuka sasa. Siku ile sikulijali.

Elodie ni mtoto wa binti yangu anayelima mpunga Kailo. Mimi njo nilimlea. Alipoingia iniversite hapa Kindu akachagua samaki. Samaki! Watoto wa wenzangu walisoma sheria, wanatembea na mkoba. Wa kwangu alirudi nyumbani na matope mpaka magotini, ananuka soko. Kazi yake ya mwisho ilikuwa juu ya kile kijito kinachoingia Lualaba hapa chini kwetu: samaki gani wanaishi pale, wanazaa wapi, nani analinda mayai. Alikaa juu ya jiwe, mvua na jua, kimya, mpaka wapita njia wakanipa pole wakidhani amechanganyikiwa.

Kisha, alipomaliza, na kila mtu anangoja aende kutafuta kazi ya samaki, akaniambia mimi bibi yake: "Koko, nataka kusoma watu. Nataka kujua namna watu waliopita mu vita wanalala."

"Kumbe samaki walikuudhi?"

"Hapana, Koko. Njo walinifundisha."

Mbombo akadakia: "Walikufundisha kuogelea, mutoto wangu. Muntu na samaki wanaonana mu sahani tu!"

Kule iniversite ya Kisangani, alikoomba nafasi, nao waliona kama Mbombo. Profesa mmoja, Tshimpaka jina lake, alimtumia sauti kwenye simu. Nafasi ilibaki moja. Aliyekuwa anaipigania pamoja na Elodie alikuwa kijana aliyesoma mambo ya vichwa tangu mwanzo. Profesa akasema hivi: afanye uchunguzi mdogo hapo alipo, juu ya usingizi wa wamama wa Kindu waliopita katika vita, halafu waongee. Akija na kitu, wataona. Asipokuja na kitu, abaki na samaki wake. Hilo la mwisho hakulisema hivyo, lakini sauti yake ilikuwa imelibeba.

Elodie aliisikiliza ile sauti mara nyingi, akiwa amekaa juu ya kinu kilichopinduliwa. Nilijua anaitaka nafasi ile kwa sababu hakula. Mtoto yule anakula hata akiwa na malaria.

Akaanza kwa maswali. Alipita nyumba kwa nyumba, nguo imepigwa pasi, anauliza kwa adabu: Mama, unalala vizuri? Unaota ndoto mbaya? Tangu lini? Na wamama wakamjibu kwa adabu pia. Tunalala vizuri, Mungu asifiwe. Mbombo alisema anaota malaika. Mimi nikasema ninaota harusi yangu ya pili, na nikamwelezea suti ya bwana harusi mpaka vifungo.

Jioni ile alikuja kukaa karibu nami nikichambua majani ya sombe.

"Koko, kwa maswali yangu, Kindu yote inalala vizuri."

"Basi habari njema hiyo. Peleka."

"Ni uongo."

"Ni uongo wa heshima. Ulitaka tukupe nini? Ndoto mbaya ni ya maji. Tukikupa wewe, tunakuwa tumekutupia takataka mutoto wa watu. Na ile tulishatupa, nani ataenda kuiokota?"

Akaanza kucheka peke yake, kicheko cha mtu aliyegonga kidole.

"Nimerudia kosa lilelile," akasema. Akanieleza. Mwaka wake wa kwanza wa kazi ya kijito, alitega nyavu, akavua samaki wakubwa tu, akaandika: katika kijito hiki hamna samaki wadogo. Akapeleka kwa mwalimu wake, amejaa furaha. Mwalimu akasoma, akamwuliza: hamna samaki wadogo, ama wavu wako una matundu makubwa? Ilibidi aanze upya. Akaacha nyavu, akakaa juu ya jiwe. Ndipo wakaanza kutokea, wadogo kama sindano, walikuwepo siku zote.

"Maswali yangu njo wavu," akasema. "Matundu yake yanashika malaika na harusi."

Kuanzia hapo akaacha kuuliza. Aliwaeleza wamama wote waziwazi, mbele ya moto: nitakaa hapa asubuhi, nitasikiliza zile ndoto mnazopeana wenyewe, anayekataa aseme, nitaondoka. Hakuna aliyekataa. Nani anakataa msikilizaji? Alikaa uani, anamenya njugu, anapepeta mchele, mikono yake iko kazini kama yetu. Na mwanamke aliposhuka mtoni amefunga mdomo, Elodie aligeuka akaangalia ukuta. Hakumfuata hata mmoja. Wamama waliliona hilo. Baada ya muda walianza kuongea mbele yake kama vile wanavyoongea mbele ya moto.

Ndipo vita ikarudi uani kwetu, polepole, kama ukungu unavyopanda kutoka mtoni kabla hujaona miguu yako.

Mnafahamu mwaka ule, elfu mbili na mbili. Mji ulifungwa. Mashamba yalikuwa nje, na nje kulikuwa na bunduki. Ndani pia kulikuwa na bunduki. Treni haikuja. Majani ya matembele yaliliwa mpaka mzizi. Lakini usingizi haukufungwa. Hakuna askari aliyeweza kuweka kizuizi pale. Kila mtu alitoka usiku akaenda kula alikotaka, na asubuhi tukakutana pale pale uani, tumbo limegusa mgongo, tukapeana.

Mbombo alikuwa anarudi na bukari ya mahindi, nyeupe, inatoa moshi, na mbuzi, na mafuta yanashuka mpaka kiwikoni. Alituelezea tonge kwa tonge. Tulitafuna. Nawaambia kweli, taya zilienda zenyewe, watu wazima, tumekaa katika ukungu tunatafuna maneno. Siku moja mama mmoja akamkatiza: "Nyama yako haina chumvi!" Mbombo akalamba midomo, akafikiri, akakubali. Tukamwambia: "Basi rudi ukalale, ulete chumvi." Na alirudi! Alilala tena, akaamka saa nne, akasema chumvi ameipata.

Hivyo njo tulivyokula mwaka ule. Ukiniuliza leo lipi nilikula kweli na lipi niliota, nitaanza kuhesabu vidole na nitaacha.

Na mume wangu Idrissa alivuka mto. Alikuwa mtu wa reli, lakini treni ikiwa imelala mtu wa reli ni mtu kama wewe. Alisema upande wa Alunguli kuna shamba la rafiki yake lenye mihogo. Alipanda mtumbwi asubuhi, ukungu ulikuwa mzito, nilimwona mpaka kiunoni, kisha mabega, kisha kofia. Hakurudi. Hakuna aliyeleta habari, hakuna aliyeleta hata ile kofia. Hilo wamama walilisimulia mbele ya Elodie, si mimi. Mimi nilikuwa naongeza kuni.

Siku chache kabla ya kuongea na Kisangani, Elodie alinikuta naanika mihogo juu ya turubai. Akachutama upande wa pili, akaanza kupanga vipande vilivyokwisha kupangwa.

"Koko, nikuambie kitu nimeona?"

"Ukiona nyoka, sema haraka. Ukiona kingine, polepole."

"Ndoto zako hazina maji."

Niliendelea kuanika.

"Za Mama Mbombo zote ziko na mto," akasema. "Anaenda kula, lakini anavuka, ama ananawa, ama mvua inamunyeshea. Na wale wengine vilevile. Wote mnakaa karibu na Lualaba, inaingia mu kila kitu. Wewe uko na mbuzi, uko na harusi, uko na askofu anayecheza mupira. Lakini ata tone la maji hamna. Na sijaona umeshuka mtoni asubuhi. Ata mara moja, Koko. Tangu nikiwa mutoto."

"Labda mimi sina ndoto mbaya. Labda Mungu ananipenda kuliko nyinyi."

"Mu kijito, samaki aliye kila mahali akikosa pahali pamoja, njo pale ninaenda kukaa."

Nikamwambia mimi si samaki. Nikamwambia harufu yake bado iko mwilini mwake, akaoge. Nikasema mambo mengine ambayo masista wa shule hawakunifundisha. Alinisaidia kumaliza ile mihogo, akaingia ndani.

Asubuhi iliyofuata, Mbombo alikuja na kiti chake: leo umetuletea nini? Nikafungua mdomo nilete askofu, ama mbuzi, ama yeyote. Hakuna aliyekuja. Kwa mara ya kwanza kiwanja kilikosa ndoto yangu, na Mbombo alirudi kwa moto wake ananiangalia juu ya bega kama mtu aliyekuta duka limefungwa.

Maana zile ndoto, jamani, nilizitunga. Nilizitunga nikiwa nimelala macho, nasikiliza jogoo. Ndoto yangu ya kweli ilikuwa moja, ileile tangu mwaka ule, na sikuwa na pahali pa kuiweka. Ndani yake Idrissa amesimama katika mtumbwi, katikati ya mto, mfuko wa mihogo kichwani, maji yanang'aa kama bati jipya. Hachoki. Ananiita: "Hélène, nije ama niende?" Ndiyo hivyo tu. Na mimi niko kwenye ukingo, ninacheka, maana amesimama vibaya, mtumbwi unayumba, mfuko unamshinda, na kicheko kinanibana mpaka siwezi kumjibu. Ninaamka na mbavu zinauma.

Sasa niambieni: hiyo ni nzuri ama mbaya? Nikimpa mtu, ni kusema ni nzuri, basi Idrissa anakuja, na mimi nitabaki mlangoni nikitazama njia mpaka nizikwe. Nikiyapa maji, ni kusema ni mbaya, basi mimi njo nimemwambia aende. Kwa hiyo niliifungia mdomoni, na juu yake nikaweka mbuzi.

Nilimwita Elodie jikoni. Nikamwambia: "Ndiyo. Iko moja."

Nilingoja aniulize. Nilikuwa nimejiandaa kumkatalia, nilikuwa na maneno makali yamepangwa. Hakuniuliza.

"Sitaki kujua iliyo ndani," akasema. "Naomba ruhusa moja tu: niwaambie wale wa Kisangani kwamba iko mama mwenye ndoto asiyojua pa kuipeleka. Ukikataa, sitasema."

"Usiposema, utawapelekea nini?"

Akainua mabega. Hakuwa na kingine cha maana, na sote wawili tulijua. Mtoto huyu, nafasi yake yote ilikuwa imekaa kwenye ulimi wangu, na hakunisukuma hata kwa kidole.

"Sema," nikamwambia. "Lakini jina badilisha. Na uniweke mrembo."

Siku ya maongezi tulienda Kasuku, kwa rafiki yake mwenye chumba ambapo simu inashika vizuri. Nilikaa upande ambao kioo cha simu hakinioni. Profesa Tshimpaka alitokea, miwani, ndevu nyeupe, na wengine wawili nyuma yake. Alianza kwa Kifaransa. Kisha akasema yeye mwenyewe mtoto wa Kibombo, karibu na kwetu, na mambo ya wamama wa huku hayakai vizuri ndani ya Kifaransa, tuseme Kiswahili.

"Mademoiselle Elodie, umesoma samaki. Hapa tunasoma watu. Yule mwenzako amesoma vitabu vyetu vyote. Kwa nini tukupokee wewe?"

"Vitabu vyenu nitavisoma, Profesa, ninajua nimechelewa," akasema. "Lakini mimi nimeshakosea. Nimeshaandika kitu cha uongo kwa sababu ya wavu mbaya, na nimeshaona namna uongo ule ulivyopendeza juu ya karatasi. Hapa pia nilianza kwa maswali, yakanipa mji ambao wote wanalala vizuri. Ningekuletea huo. Samaki njo walinikataza."

Akamweleza ukuta alioangalia, njugu, ndoto za chakula, na ndoto zisizo na maji. Akamweleza juu ya mama mmoja. Alisema, bila kucheka, kwamba ni mama mrembo. Akasema anadhani wako wengine: watu ambao ndugu zao waliopotea hawakufa wala hawakurudi, na ndoto zao hazina mlango, si wa mtu, si wa mto. Hao njo anataka kuwasoma.

Profesa alivua miwani. "Na ndani ya ndoto ya huyo mama kuna nini?"

"Sikumuuliza."

"Hukumuuliza? Hicho njo kiini cha kazi yako yote!"

"Ndiyo, Profesa. Mu kijito chetu iko tilapia, dume analinda mayai. Nilitaka kuyaona vizuri, nikaingiza mukono. Dume alikimbia. Niliyaona mayai vizuri sana, na kesho yake hayakuwepo. Sitaki kuona vizuri namna ile tena."

Nilidhani simu imekatika. Nikanyoosha shingo nione, na nadhani pua yangu iliingia, maana profesa akasema: "Shikamoo, mama." Nikarudi haraka. Huyo mtoto wa Kibombo anajua kusalimia.

Jibu halikuja siku ile, wala juma lile. Elodie alienda kusaidia mama yake kuvuna Kailo, akarudi, akaenda kukaa juu ya jiwe lake kijitoni bila kazi yoyote. Jibu lilimkuta pale: wamempokea. Nilisikia kelele zake kutoka uani. Mbombo alidhani amezama, akakimbia na kamba.

Alisafiri na mashua ya mbao yenye motere, ile inayoshuka mpaka Ubundu, kutoka pale wanaendelea kwa njia ya nchi kavu mpaka Kisangani. Ilikuwa asubuhi, na ukungu. Nisingetaka ukungu, lakini mto haukuniuliza. Watu walipakia magunia ya mchele, mbuzi, magodoro. Elodie alikaa pembeni kabisa, mkono wake umening'inia, vidole vinagusa maji.

Nilitazama vile vidole. Sehemu yake moja ilikuwa mtu, na nyingine ilikuwa tayari Lualaba.

Nikakunja kikwembe, nikaingia majini mpaka magotini. Mbombo akapiga kelele: "We mama, unaenda wapi, umelipa tikiti?" Sikumjibu, sikuwa nimesukutua bado. Nikashika ubao wa mashua, nikainama katikati, sikio la mtoto huku, maji huku, nikaitoa yote. Mtumbwi, mfuko, bati jipya, kicheko. Nije ama niende. Niliisema polepole kama inavyotakiwa. Machozi ya Elodie yalidondoka mtoni, na hayo pia yakaenda.

"Iko nzuri ama mbaya?" nikamwuliza.

"Sijui, Koko."

"Basi nenda kasome. Ukijua, niambie. Na usiikaange kama samaki."

Motere ikawaka. Nilimwona mpaka kiunoni, kisha mabega, kisha kile kilemba chekundu nilichomfunga mwenyewe. Nilisimama pale mpaka miguu ikapata baridi. Nikanawa uso. Nikapanda, na nitakiri kwamba niligeuka nyuma kidogo, lakini mimi sikuwahi kuwa mwanafunzi mzuri.

Kesho yake Mbombo alikuja na kiti.

"Mama Hélène, leo umetuletea nini?"

Nilikaa, nikaitafuta mdomoni ndoto ya usiku ule, si mbuzi, si askofu. Ilikuwa pale, bado ina unyevu.

"Mvua," nikamwambia. "Mvua tu, juu ya mto. Hakuna muntu."

"Hiyo tu? Na ulikuwa unafanya nini?"

"Nilikuwa nimeanika mihogo. Nikaacha inyeshewe."

Mbombo alifikiri, akalamba midomo yake.

"Haina chumvi," akasema.

"Ngoja," nikamwambia. "Nitarudi kulala."